Kwasari si nyota, Mhariri

Ndugu Mhariri,

Toleo lako la wiki iliyopita lilikuwa na picha ya rangi za kupendeza, na chini yake mmeandika kwamba kwasari ni "nyota kubwa kuliko zote angani". Mjukuu wangu wa kidato cha pili ameikata kwa mkasi na kuibandika kwenye daftari lake la fizikia, maneno na yote. Nimefundisha somo hilo miaka mingi hapa Tanga, nikaona nikinyamaza nitakuwa mshirika wenu.

Kwasari ni kitovu cha galaksi, yaani mkusanyiko mkubwa wa nyota. Pale katikati pana shimo jeusi, kitu chenye mvutano ambao hata mwanga hauponyoki, zito kama mamilioni au mabilioni ya majua, linalovuta gesi. Na gesi hiyo, kabla haijazama, huzunguka kwa kasi na kusuguana hadi ikawaka kuliko nyota zote za galaksi yake zikijumlishwa. Niseme kweli, si ninyi wa kwanza kudanganyika. Hata wataalamu waliona vinukta tu, wakaviita vitu vinavyofanana na nyota (kwa Kiingereza "quasi-stellar", ndipo likatoka "kwasari"), na jina likabaki. Mwaka 1963 mwanaastronomia Maarten Schmidt, kwa darubini ya Palomar kule Marekani, alichambua mwanga wa 3C 273, kinukta kilichomo katika kundi la nyota la Mashuke, akakuta mawimbi yake yamerefuka kwa karibu asilimia 16. Ulimwengu unapotanuka hurefusha mawimbi ya mwanga ulio safarini, hivyo maana yake kiko mbali nasi miaka ya nuru bilioni 2 na ushei. Nyota moja ingeonekanaje kutoka huko?

Sasa hiyo galaksi yenyewe mbona haikuonekana? Nenda Deep Sea, kule wanakoshusha samaki hapa Tanga, usiku wa giza, wavuvi wa dagaa wakiwa kazini. Taa utazihesabu moja moja. Mashua je? Omo, tezi, jamaa anayevuta wavu, vyote vimemezwa na mwako wa karabai. (Siku hizi wengi wana taa za sola, lakini macho yanaumia vilevile.) Ukitaka kuiona mashua una njia mbili: upunguze ukali wa taa, au ujue hasa taa ikiwa peke yake inang'aa vipi, uutoe mng'ao huo, ubaki na kilicho chake mashua.

Wanaastronomia hufanya yote mawili. Mwako wa kwasari una nguvu zaidi upande wa buluu na urujuanimno, ilhali nyota kongwe za galaksi hutoa sehemu kubwa ya mwanga wao katika infraredi ya karibu, yaani mwanga tusiouona ulio ng'ambo kidogo tu ya wekundu. Ukipiga picha kwa infraredi, taa inafifia kidogo na mashua inajitokeza. Kisha huchukua umbo la nyota ya kawaida iliyomo katika picha ileile, maana nayo ni nukta tu, wakalitoa juu ya kwasari. Kinachosalia pembeni ndiyo galaksi. Na asidhani mtu infraredi ni mazingaombwe: elekeza rimoti ya televisheni kwenye kamera ya mbele ya simu yako, ubonyeze. Simu nyingi zitakuonyesha kitaa kikimetameta, wakati jicho lako halioni kitu.

Shida ni kwamba kila chenye joto hutoa infraredi, hata darubini yenyewe, na mvuke wa hewani huinyonya. Kwa fukuto letu la Tanga hapo hata tusijaribu. Ndiyo sababu darubini ya James Webb imepelekwa kilomita milioni 1.5 kutoka duniani, nyuma ya ngao inayoikinga na jua, ikae kwenye baridi kali. Mwaka 2023 watafiti waliotumia darubini hiyo walitangaza kwamba wameona mwanga wa nyota za galaksi zinazobeba kwasari mbili za kale sana, tangu ulimwengu haujatimiza miaka bilioni 1. Mwanga ulioondoka kule ukiwa wa samawati umefika kwetu umenyooshwa zaidi ya mara 7, ukawa infraredi. Kwasari moja, J2236+0032, ina shimo jeusi la uzito wa majua bilioni 1.4 ndani ya galaksi yenye nyota za uzito wa majua kama bilioni 130. Kwa umri ule mdogo, shimo la ukubwa huo lilipata wapi muda wa kushiba? Hilo ndilo swali lililostahili ukurasa wenu, kuliko "nyota kubwa".

Jambo moja zaidi, kuhusu rangi. Infraredi haina wekundu wala kijani kwa macho yetu. Rangi hupangwa baadaye ili tutofautishe urefu wa mawimbi. Mkiandika "picha halisi", ongezeni japo mstari mmoja wa kueleza hivyo.

Naomba masahihisho yatoke ukurasa uleule na kwa herufi zilezile, si kule chini ya matangazo ya viwanja. Mjukuu ameacha nusu ukurasa wazi kwenye daftari lake, na gundi bado anayo.

Mwalimu mstaafu,
Chumbageni, Tanga