Mjomba, ile DVD ya harusi naiomba tena

Shikamoo mjomba.

Simu zangu hupokei, na ujumbe ukiusoma unanyamaza. Basi naandika hapa, ambako binti zako watasoma na watakusomea. Usichukie. Ungepokea simu, haya tungeyamaliza sebuleni kwako.

Nasikia umewaambia watu wa nyumbani kwamba natengeneza filamu ya kuianika familia, na kwamba kuna wazungu wanaonilipa. Hakuna mzungu, mjomba. Pesa za filamu hii zinatoka kwa walewale waliochanga bili ya hospitali ya marehemu dada, kwenye kundi lilelile la WhatsApp ambalo hatukulivunja baada ya mazishi. Ni wasusi wa Mtwapa, mafundi cherehani wa Kongowea, na dada mmoja anayeuza viazi karai jioni. Wanatuma mia mbili, mia, hata hamsini. Mweka hazina ni mama aliyezika mwanawe vile tulivyozika sisi, na kila Jumapili anaweka hesabu kundini: nani katuma, kamera imekodiwa kwa kiasi gani, nauli imekula ngapi. Wewe umeshika pesa za kanisa miaka mingi na hakuna aliyewahi kukunyooshea kidole. Ukiziona hesabu hizi utaziheshimu.

Na filamu yenyewe si ya kumsema mtu. Ni ya watu transjenda wa Pwani waliotangulia, yaani watu ambao jinsia wanayojijua nayo si ile waliyoandikiwa walipozaliwa; inasimuliwa na waliobaki: walikokaa, walichofanya kwa mikono yao, nani waliwalea, nani waliwafundisha kazi. Dada ni mmoja wao. Mama ameniomba jina lake nisiliandike mtandaoni kwanza, kwa hiyo hapa nitamwita dada, ingawa neno hilo ndilo lililokufanya uondoke mezani Krismasi ile.

Asubuhi ya mochari siwezi kuisamehe. Nimejaribu kwa ajili ya mama. Dada alikuwa na rasta alizosukwa akiwa kitandani hospitalini, kidogo kidogo kila akipata nguvu ya kuketi, kwa sababu alisema hataki watu waje kumwona kichwa kikiwa hivyo. Ukamwomba mhudumu mkasi. Ukazikata mwenyewe, ukazitia kwenye bahasha ya khaki, kisha mkamvika suti yako ya kijivu, mikono ya koti ikamfunika vidole. Ulikuwa unalia mjomba. Nilikuwa nimesimama mlangoni, nikakuona unalia, na mkasi hukuuweka chini.

Halafu wasifu wa marehemu. Picha ya kidato cha nne, jina la kidato cha nne, na maisha yake yote ya Mombasa yakawa sentensi moja: alikuwa akifanya kazi za mikono. Marafiki zake walitoka Mombasa alfajiri, wakaketishwa nyuma ya hema, jeneza wakakatazwa kulibeba. Ulinifokea makaburini kwa kushika simu wakati wa maombi. Nilirekodi kwa sababu wakati wa kutupia udongo wale marafiki walipita mmoja mmoja, na kila mmoja alilitaja jina lake la kweli kwa sauti ya chini. Ndiyo mara pekee lilipotajwa siku hiyo. Ningeacha lipotee?

Na hizo kazi za mikono unazijua kuliko mtu yeyote. Wewe ndiye uliyemtumia nauli aje kumpima binti yako gauni la harusi. Alilala kwenu siku zote za matayarisho, na stima ilipopotea wewe ndiwe uliyemshikia koroboi akatia shanga moja moja mpaka usiku wa manane, mkicheka hadithi za marehemu babu. Hukumwuliza kitu. Ulimwita fundi, ukamkatia kipande cha nyama cha kwanza. Mtu huyo ndiye mjomba ninayemtaka.

Ushauri wangu, kama mtoto anaruhusiwa kumshauri mzazi wake: usiogope jina. Mwaka 1998 huko Boston, Marekani, mwanamke mweusi transjenda aliyeitwa Rita Hester aliuawa nyumbani kwake. Magazeti yakamwandika kama mwanamume, na marafiki zake wakalalamika hadharani. Usiku wa kumwombolezea walikwenda na mishumaa hadi nyumba ile, na mama yake mzazi akapiga magoti mlangoni akasali Baba Yetu. Mwaka uliofuata ndipo ilipoanza kumbukumbu ya watu transjenda waliouawa, ya tarehe 20 Novemba, ambayo sasa hufanyika nchi nyingi, na hata sisi huku tunawasha mishumaa. Yule mama alikuwa na imani kama yako.

Utasema hayo ni ya Marekani. Haya, ya hapa: 2014 Mahakama Kuu ya Kenya iliamuru Baraza la Mitihani limpe Audrey Mbugua, mwanamke transjenda, cheti chenye jina lake, bila alama ya jinsia. Agosti 2025 Mahakama Kuu ya Eldoret ikaamua kwamba mwanamke transjenda aliyekamatwa 2019 na kupekuliwa mwili alidhalilishwa, ikampa fidia ya shilingi milioni 1. Majaji wa nchi hii wameweza. Mimi nimeshikilia jambo hili kwa sababu nililipiwa karo na wewe, na wewe ndiye uliyeniambia mtu akidhulumiwa usikae kimya.

Wanaoonekana kwenye filamu wametia sahihi mara mbili, kabla ya kurekodiwa na tena baada ya kujitazama. Aliyebadili nia tumemtoa. Wengine utaona mikono yao tu, ikisuka au ikipiga pasi, kwa kuwa mwenye nyumba akiwatambua watatolewa vyombo nje. Kama tumewalinda wao, nawe tutakulinda. Jina lako halimo na halitakuwamo. Lakini mkasi siutoi, hilo tusidanganyane. Nitalisimulia mwenyewe, kwa sauti yangu, na kulia kwako pia nitakusimulia.

Sasa, ile DVD. Tuna picha za dada nyingi za simu, lakini video ambayo anatembea, anaongea, ana pini mdomoni na anapiga magoti kukunja pindo la gauni, iko moja tu, na iko kwenye kabati lako la vyombo. Binti yako amekubali itumike, nimeongea naye. Kama hutaki nije, mpe dereva yeyote wa matatu ya Mombasa pale Voi, mwandikie nambari yangu juu ya bahasha. Nitaipokea stejini, nitainakili siku hiyohiyo, na itarudi kwako na gari la asubuhi.