Kwa vijana mnaopima wasiwasi wa wagonjwa wetu: barua ya wazi kutoka Rau

Wanangu na wajukuu zangu,

Nawasalimu kutoka Rau, hapa Moshi. Wengi wenu nawaona asubuhi mkishuka kwenye daladala, vishikwambi mkononi, vitambulisho shingoni, mkielekea mawodini na kliniki kuwauliza wagonjwa hali ya mioyo yao. Nimekuwa muuguzi maisha yangu yote ya kazi, wodi ya upasuaji kwanza, kisha kliniki za wagonjwa wa nje. Kazi yenu niliitamani iwepo tangu enzi zile mgonjwa akisema ana hofu anaambiwa "jikaze". Naiheshimu sana. Ndiyo maana nawaandikia, na naandika wazi ili walimu na wakuu wenu nao wasome.

Shirika la Afya Duniani linakadiria kwamba mwaka 2019 watu milioni 301 duniani walikuwa na matatizo ya wasiwasi uliopitiliza, na anayepata tiba ni kama mmoja tu kati ya wanne. Hizo ni hesabu za dunia nzima. Ninyi mnakaa na mtu mmoja mmoja, ana kwa ana, na ombi langu liko hapo: mkishampa mtu alama ya wasiwasi kwenye dodoso, msiondoke bila kujua anaogopa nini. Wagonjwa wawili wanaweza kupata alama sawa na hofu zao zisikaribiane hata kidogo. Utampunguziaje mtu hofu usiyojua imetoka wapi?

Dodoso la GAD-7, lile la kupima wasiwasi, mnalijua kuliko mimi. Robert Spitzer na wenzake walilitoa mwaka 2006: maswali saba, kila moja alama 0 hadi 3, jumla 21, na kwa kawaida aliyefikisha 10 anahitaji kuangaliwa zaidi na mtaalamu. Ni chombo chepesi na kizuri. Lakini kinataka mtu akumbuke wiki mbili zilizopita na aseme kama alisumbuliwa siku kadhaa, zaidi ya nusu ya siku hizo, au karibu kila siku. Bibi wa Kibosho hazihesabu siku zake hivyo, na akiona unasubiri atakujibu chochote ili usiondoke bila kitu, kwa adabu tu. Swali lenyewe msilibadilishe, maana likibadilika alama yake haina cha kulinganishwa nacho. Ila kabla ya kuanza, msaidieni kuzipata hizo siku kumi na nne: Jumapili mbili zilizopita, siku za soko, siku aliyokwenda msibani, siku aliyokuja kliniki. Dakika tatu hazipotei bure.

Na mwili nao hudanganya. Mwenye pumu aliyetoka kuvuta dawa ya kupulizia, moyo unamwenda mbio na mikono inatetemeka kwa sababu ya dawa. Mwenye tezi ya shingo inayofanya kazi kupita kiasi hatulii, hapati usingizi, jasho linamtoka, na huenda hana hofu yoyote. Madaktari wa akili Zigmond na Snaith waliliona hilo. Mwaka 1983 walipotunga dodoso la HADS kwa ajili ya wagonjwa wa hospitali, waliziacha kwa makusudi dalili kama kizunguzungu na maumivu ya kichwa, ili ugonjwa wa mwili usihesabiwe kuwa wasiwasi. Kwa hiyo faili la mgonjwa lisomwe kabla hamjakaa naye. Nawaona baadhi yenu mnaliruka.

Sasa niwape habari ya mzee mmoja wa Rombo, ya miaka mingi, na mwenyewe ametangulia. Alilazwa kwa ngiri. Jioni ya kuamkia upasuaji mapigo ya moyo yalikuwa juu, presha juu, chakula amekisukuma pembeni. Daktari wa zamu akadhani anaogopa kisu, akamweleza tena kwamba upasuaji wa ngiri si mkubwa. Mapigo hayakushuka. Usiku nilipokwenda kumpima nilivuta kiti, nikamwuliza kwa sauti ya chini, "Baba, hasa ni kitu gani?" Akatazama kwanza kitanda cha jirani. Alikuwa amesikia kwamba mtu akishapigwa nusu kaputi hutoa maneno yote yaliyo tumboni, na yeye alikuwa na neno kuhusu kihamba, yaani shamba la ukoo, ambalo ndugu zake hawakulijua, na kule thieta kulikuwa na kijana wa kijijini kwao. Asubuhi mtaalamu wa usingizi akaja, akamweleza dawa inavyofanya kazi, akamhakikishia kwamba hata akitamka neno halitatoka mlango ule. Mzee akapanda mwenyewe kwenye kitanda cha magurudumu.

Dodoso lingempa alama kubwa, na lingekuwa sahihi. Lakini wimbo wa kumtuliza usingemsaidia, wala dawa ya kutuliza, wala kusimuliwa habari za ngiri mara ya tatu.

Mgonjwa anayechunguzwa saratani, mara nyingi kinachomtesa ni kusubiri: amekatwa kipande kidogo cha nyama kikapimwe, majibu hayajarudi, simu ikilia anaruka. Hata aliyemaliza mionzi, hofu humrudia kila tarehe ya kliniki inapokaribia, hivyo ukimpima wiki hiyo na ukimpima mwezi baadaye utapata watu wawili tofauti. Andikeni ni siku gani mlimpima. Mama wa mtoto njiti anaogopa kulala, maana anadhani akisinzia mtoto ataacha kupumua. Kijana anayechukua dawa CTC, kliniki ya wanaoishi na VVU, anaweza kuwa na afya nzuri kabisa, na hofu yake yote ikawa ni bwenini: vidonge aviweke wapi, nani atamwona akimeza. Na wako wengi, wengi mno, ambao hofu yao ni pesa. Bima imeishia wapi, ng'ombe anakatiwa majani na nani, mkopo wa kikoba utalipwaje. Huyo msimpeleke kwa mtaalamu wa saikolojia tu. Mpelekeni kwa ofisa ustawi wa jamii siku hiyohiyo.

Kuhusu tiba zenyewe, nina furaha kwamba siku hizi zinapimwa badala ya kusifiwa tu. Muziki kabla ya upasuaji, kwa mfano. Mapitio ya mwaka 2013 ya Cochrane, mtandao wa watafiti wanaochambua majaribio ya tiba, yalikusanya majaribio 26 yenye wagonjwa zaidi ya 2,000, yakaona kwamba kusikiliza muziki kunaweza kupunguza wasiwasi wa anayesubiri kupasuliwa. Walakini upo, na waandishi wenyewe waliueleza: anayewekewa muziki anajua amewekewa, na huenda akajibu ya kumfurahisha mwulizaji. Hapo ndipo uaminifu wenu unapohitajika, kwa sababu wagonjwa wetu wanapenda kuwafurahisha vijana wenye adabu.

Na msidhani utafiti mzuri ni wa ng'ambo tu. Mwaka 2020 jarida la JAMA Psychiatry lilichapisha utafiti uliofanyika hapahapa Moshi na kule Bungoma, Kenya, kwa watoto 640 waliofiwa na wazazi. Waliowahudumia walikuwa watu wa kawaida waliofundishwa tiba ya kuzungumza, si madaktari. Tiba ilipomalizika, watoto wa Moshi mjini na wa Bungoma, mjini na vijijini, walikuwa wamepungukiwa na dalili za kiwewe kuliko wenzao waliopata huduma za kawaida. Vijijini Moshi makundi yote mawili yalipata nafuu inayokaribiana. Matokeo hayo ya vijijini ndiyo ninayoyapenda zaidi, kwa sababu hayakufichwa. Yanatulazimisha kuuliza ni kipi kule kilichowafanya hata wasiopewa tiba wapate nafuu. Shangazi? Majirani? Ibada? Swali hilo lipo wazi kwa yeyote kati yenu anayetafuta mada ya shahada.

Katika hospitali ya KCMC, hapa Moshi, kwa kushirikiana na Chuo Kikuu cha Duke cha Marekani, kuna programu ya Sauti ya Vijana, ambako vijana wanaoishi na VVU huongozwa katika vikao na vijana wenzao waliofunzwa. Zimbabwe nako kuna benchi la urafiki la Dkt. Dixon Chibanda, lililoanza mwaka 2006. Wanawake wa umri wangu huketi na mgonjwa kwenye benchi nje ya kliniki, wakamsaidia kuchagua tatizo moja la kuanza nalo. Jaribio lao la Harare, lenye washiriki 573, lilitolewa mwaka 2016, na baada ya miezi sita waliokaa kwenye benchi walikuwa na dalili chache za sonona na wasiwasi kuliko wenzao. Wazee wenye muda na masikio hapa kwetu wapo. Njooni mtuulize.

Yapo mambo ambayo sitayazungusha. Msimhoji mtu kwenye korido. Mwanamke aliyesindikizwa na mume au mkwe atasema hana wasiwasi wowote; tafuteni chumba, na msindikizaji aombwe kusubiri nje kwa heshima. Fomu ya ridhaa isomwe polepole, na mgonjwa asikie kwa kinywa chenu kwamba akikataa matibabu yake hayaguswi, kwa sababu wengi hudhani mwenye koti jeupe hakataliwi. Mkiwa mnajaribu tiba, mweleze kwamba kundi atakaloingia, la wanaopewa tiba au la kulinganisha, linapangwa kwa bahati nasibu, asije akadhani mmemnyima tiba kwa kuwa ni maskini. Na mliyoyasikia yabaki hapo. Aibu ya maiti aijuaye ni mwosha, na mwosha hazungumzi kwenye daladala la Kiboriloni.

La zito zaidi: mkiambatanisha PHQ-9, dodoso la kupima sonona, swali la tisa linauliza kama mtu amewaza kujidhuru. Akijibu ndiyo, dodoso linasimama. Hamwendi kwa mgonjwa anayefuata mpaka huyo awe amefika mikononi mwa mtaalamu, siku hiyo, mkimsindikiza kwa miguu yenu. Niliwahi kukuta karatasi yenye jibu hilo ikiwa imelala kwenye boksi kwa wiki kadhaa, ikisubiri kuingizwa kwenye kompyuta. Kabla hamjaanza mradi wowote, ulizeni wakuu wenu: huyo atapokewa na nani, ofisi yake ni ipi, na saa kumi jioni yupo? Kama hakuna jibu, semeni hamwezi kuanza. Mtakuwa mmesema jambo ambalo kamati ya maadili nayo ingelisema.

Halafu, mkimaliza, rudini. Wagonjwa wetu wameulizwa maswali miaka na miaka na wengi hawajawahi kusikia yalizaa nini. Taarifa ya kwenda kwenye majarida iandikeni, ni haki yenu. Lakini ubao wa matangazo wa kliniki upo, na karatasi moja ya Kiswahili inatosha: tuliwauliza hivi, mlitujibu hivi, na kuanzia mwezi huu kliniki hii itafanya hivi.

Mama yenu,
muuguzi mstaafu, Rau, Moshi