Mama alikuwa akimfukuza, hakuwa akiomba

Mhariri,

Nimewasoma kwa zaidi ya miaka 20 bila kuwaandikia hata mstari mmoja. Ila ile taarifa yenu ya Jumapili kuhusu filamu fupi za kuchangisha fedha, ambamo mwandishi wenu anasifu jinsi nyimbo za kiroho zinavyozipa uhai picha za wagonjwa na wenye njaa, imenitoa kwenye ukimya. Mgonjwa ana uhai wake tayari, na ana sauti yake. Hiyo sauti ndiyo kitu cha kwanza kufutwa ili wimbo upate nafasi.

Mimi ni mwalimu wa kwaya, kwa hiyo sibahatishi. Najua tenzi inavyomliza mtu. Tukifika ubeti wa mwisho tunapunguza mwendo, kinanda kinanyamaza, besi wanashikilia nota moja na soprano wanapanda taratibu. Hapo leso hutoka, hata kwa mtu aliyeamka na furaha zake asubuhi hiyo. Sasa chukua nguvu hiyo uilaze juu ya uso wa mtoto aliyedhoofu. Mtazamaji hana pa kukimbilia. Atalia, na atadhani machozi yote ni ya mtoto yule, kumbe nusu yake ni ya wimbo.

Miaka michache iliyopita mama yangu alilazwa kwa kidonda cha mguu. Kikundi cha watu wa kujitolea kikaja wodini na kamera, kwa nia ya kuwachangia wagonjwa. Nilikuwa nimekaa pembeni ya kitanda, kwa hiyo yaliyotokea niliyaona kwa macho yangu. Kijana wa kamera alirudi nyuma kutafuta nafasi, akakanyaga shuka la mama lililokuwa limening'inia hadi sakafuni. Mama, ambaye hata homa haikumpunguzia ukali, akainua mkono: "We kijana, toka hapo, unanikanyagia shuka!" Wodi nzima ikacheka, na mama mwenyewe akacheka. Wiki kadhaa baadaye filamu ikaonyeshwa kwenye ukumbi uliojaa watu, sisi tukiwa tumealikwa. Maneno ya mama hayakuwemo. Mahali pake iliwekwa kwaya ikiomba rehema, picha ikapunguzwa mwendo, na ule mkono uliokuwa ukimfukuza kijana ukawa unapanda polepole, vidole vimekunjuka, kama wa mtu anayelilia msaada. Kicheko kilikatwa. Mwanamke wa safu ya mbele yetu alikuwa akitetemeka mabega kwa kulia. Mama alikuwa amekaa kando yangu na mkongojo wake. Akaniinamia sikioni akauliza, "Mwanangu, hapo nilikuwa namwomba nani?" Wimbo wenyewe tulikuwa tukiufanyia mazoezi wiki hiyo hiyo. Tangu siku ile sijaufundisha tena.

Najua mtasema fedha zilipatikana. Ni kweli, zilipatikana. Lakini Oktoba 1984, picha za njaa ya Ethiopia alizopiga Mkenya Mohamed Amin kule Korem zilikwenda duniani na maelezo ya mtangazaji Michael Buerk, na dunia ilishtuka. Hakuna aliyesubiri kwaya ndipo aamini. Julai 1985, kwenye tamasha la Live Aid, picha za njaa hiyo zilionyeshwa zikiwa zimeunganishwa na wimbo wa redioni ulioandikwa kwa jambo jingine kabisa. Watu walichanga, sibishi. Ila tangu hapo kila mwenye kamera anadhani mateso ya mtu ni beti zinazotafuta tuni.

Na wala sisemi nyimbo za kiroho zikae mbali na mateso. Zilizaliwa humo. Salama Rohoni, wimbo ambao waumini wengi wanaujua kwa moyo, maneno yake yaliandikwa na Horatio Spafford baada ya binti zake wanne kufa kwenye ajali ya meli ya Ville du Havre mwaka 1873. Aliyeandika ndiye aliyefiwa. Alichagua mwenyewe maneno ya kuuambia msiba wake. Mama yangu hakuchagua chochote.

Nikiwa hapo hapo, kuna hawa wapiga picha wa misibani. Nimeona kwa macho yangu mjane akiambiwa arudi kwenye jeneza aliage upya kwa sababu mara ya kwanza mtu alikatiza mbele ya kamera. Akarudi, maskini. Na kwaya yangu ikaombwa irudie kiitikio. Kwa aibu yangu, nilinyoosha mkono na tukarudia.

Msalaba Mwekundu na mashirika mengine ya misaada yalikwisha kubaliana mwaka 1994, katika kanuni ya 10 ya maadili yao, kwamba waathirika wa maafa waonyeshwe kama watu wenye heshima, si vitu visivyo na tumaini. Basi naomba gazeti lenu, badala ya kuzisifu filamu hizi, liwadai watengenezaji mambo haya: dakika nzima ya kwanza isiwe na wimbo, tumsikie mtu mwenyewe, hata kama anagomba au anacheka. Mwendo wa picha usiguswe. Filamu ioneshwe kwanza kwa aliyepigwa picha, akiwa amekaa, si akiwa kitandani na dripu mkononi. Wimbo ukilazimika kuwekwa, auchague yeye.

Mama angechagua wa furaha. Nilimuuliza.

Mwalimu wa kwaya