Barua ya wazi kwa Mganga Mkuu wa Mkoa wa Mwanza: plasta ya kila wiki na nauli ya visiwani

Ndugu Mganga Mkuu,

Mtoto mwenye mguu kifundo, yaani aliyezaliwa na unyayo uliopinda kuelekea ndani, akiwahiwa, mara nyingi hahitaji upasuaji mkubwa. Kwa njia ya Ponseti unyayo hunyooshwa kidogokidogo kwa mkono, kisha mguu hufungwa plasta tangu vidoleni hadi pajani, goti limekunjwa. Plasta hubadilishwa kila wiki, kwa kawaida mara 5 hadi 7. Wengi hukatwa kano ya kisigino kwa ganzi ya mahali na kukaa na plasta ya mwisho wiki 3. Hufuata viatu vilivyounganishwa kwa chuma: saa 23 kwa siku kwa miezi 3, kisha wakati wa kulala hadi miaka 4 au 5.

Kinachowashinda wazazi ni safari. Mama wa kisiwa cha Ukara huvuka kutoka Bwisya hadi Bugolora, kisiwani Ukerewe, hupanda gari hadi mji wa Nansio, kisha meli hadi Mwanza, na kurudi vivyo hivyo, bado chakula na malazi. Ruzuku ya TASAF (Mfuko wa Maendeleo ya Jamii), kwa kaya maskini zilizomo, hupangwa kila miezi miwili. Plasta hudai nauli kila wiki. Mkopo wa halmashauri kwa watu wenye ulemavu, utokao kwenye asilimia 2 ya mapato yake ya ndani, ni wa mtaji, haukati tiketi.

Akikosa zamu, mtoto hukua na plasta hubana au huteleza. Vidole vikizama ndani, mguu umeshatoka ulipowekwa na ngozi inachubuka. Wapo wanaoambiwa wailoweke nyumbani usiku wa kuamkia kliniki. Mguu ukilala wazi, sehemu ya kazi ya wiki nzima hupotea. Plasta ivuliwe kliniki, nyingine ifungwe papo hapo.

Tunaomba Nansio iwe na siku moja ya plasta kila wiki, isiyohama, yenye watu wawili waliofunzwa: mmoja ashike mguu, mwenzake afunge. Roli za plasta na pamba ziagizwe pamoja na dawa. Wakunga wakague nyayo za kila mtoto, waandike kwenye kadi, na rufaa itoke wiki hiyohiyo.

Zaidi ya yote, viatu. Mguu hurudi kupinda hasa vinapoachwa, na huachwa vinapobana. Saizi inayofuata iwepo Nansio kabla mtoto hajaihitaji, na mhudumu wa afya ngazi ya jamii aingie nyumbani kuangalia kama kisigino kimekaa chini. Kaya isiyo na nauli, afisa ustawi wa jamii ailipie kabla ya safari. Ahadi ya kurudishiwa baadaye haimsaidii asiye na senti.

Wazazi na watoa huduma za utengamao,
Mwanza