Kabla Baba Asha hajapasuliwa kaakaa

Shoga yangu Mwanaidi,

Salamu nyingi, sisi hatujambo, mengine tutaongea. Nakuandikia mbio mbio kwa sababu ya ujumbe wako kwamba Baba Asha amekubali kukatwa kaakaa aache kukoroma, na ameahidiwa kupona moja kwa moja. Hilo la moja kwa moja ndilo limeninyima raha.

Upasuaji wenyewe si wa jana. Fujita na wenzake waliueleza Marekani mwaka 1981. Mgonjwa hulazwa kwa nusukaputi, hutolewa tonsili, hukatwa kilimi, kile kinyama kinachoning'inia kooni, na ukingo wa kaakaa laini, kisha kingo zinashonwa. Miezi ya mwanzo wengi hufurahi, na wake zao zaidi. Ila ukiwafuatilia kwa miaka, wengi kelele huwarudia. Uzito ukiongezeka, koo hubanwa tena. Umri nao hulegeza nyama. Tena kama kinachotetemeka ni shina la ulimi, kaakaa limekatwa bure.

Njia nyepesi zina kasoro hiyo hiyo. Mawimbi ya redio hukaza kaakaa kwa ganzi tu na maumivu ni kidogo, lakini mara nyingi hurudiwa, na nafuu hufifia. Vijiti vitatu vya poliesta vinavyochomekwa kwenye kaakaa huweza kuchomoza na kutoka. Kukata kaakaa kwa leza ndiko kunakonitisha: kovu likijikunja huweza kubana njia ya hewa nyuma ya kaakaa, mtu akapumua vibaya kuliko mwanzo.

Lakini Mwanaidi, kurudi kwa kelele si kubaya kama kelele kuisha na ugonjwa wa kukatika pumzi usingizini ukabaki. Uliniambia hukata pumzi, halafu hushtuka kama aliyekabwa, na mchana husinzia. Mama Mkubwa asikudanganye kwamba huyo analala fofofo! Kaakaa likikatwa huenda ukapata kimya chumbani, naye bado anakosa hewa, na hakuna tena sauti ya kukuamsha umtikise.

Kwa hiyo kipimo cha usingizi kitangulie kisu. Huhesabu ni mara ngapi kwa saa pumzi inakatika au kupungua kwa sekunde 10 au zaidi, na oksijeni inashuka kiasi gani. Chini ya mara 5 ni kawaida. 30 na kuendelea ni hali kali, na hapo mashine ya kusukuma hewa kooni mtu akiwa amelala hutangulia upasuaji. Nayo ukiikimbilia baada ya kaakaa kukatwa mno, hewa huvujia mdomoni na mtu anaichukia.

Mwambie apanue mdomo mbele ya kioo bila kutoa ulimi nje. Kilimi kikionekana chote, tonsili kubwa zikikaribia kugusana, na si mnene sana, upasuaji una nafasi nzuri. Ulimi ukiziba kila kitu, nafasi ni ndogo mno. Pua kuziba ni jambo la kutibiwa, ila kunyoosha ukuta wa pua peke yake mara chache humaliza kukoroma.

Akikata shauri, ajiandae kwa wiki mbili za koo kuuma hasa. Magamba ya kidonda yakibanduka, siku ya 5 hadi ya 10 hivi, damu inaweza kutoka. Ikitoka, hospitali saa hiyo hiyo. Maji kupandia puani huwa ni kwa muda, ila kaakaa likikatwa kupita kiasi hubaki. Na kipimo kirudiwe baada ya miezi kadhaa, hata akinyamaza kabisa.

Sasa nijibu. Amepimwa usingizi au ameangaliwa koo tu? Watakata nini hasa? Akilala ubavu kelele hupungua? Presha yake ikoje? Yale magego yaliyong'oka, yamebaki meno ya kutosha kushika kifaa cha kuvaa usiku cha kuvuta taya mbele? Na daktari anaonaje tarehe ikisogezwa mpaka majibu yatoke?

Nipigie jioni yoyote.

Wako,
Saumu