Nyota tano hazikumhesabia mwanangu pumzi

Ndugu Mhariri,

Naomba nafasi nizungumzie nyota tunazowapa madaktari kupitia simu. Dodoma imepokea wageni wengi tangu Serikali ihamie huku, na mgeni hana shangazi wala jirani wa siku nyingi wa kumuuliza mtoto anatibiwa wapi. Anafungua ramani ya Google, anatazama nyota. Nami nilipofika nilifanya hivyohivyo.

Julai iliyopita, upepo na vumbi la huku vikiwa vimepamba moto, mwanangu wa miaka 3 alikohoa siku nne mfululizo. Nikampeleka kliniki ya binafsi yenye nyota karibu tano. Pasafi, wahudumu wakarimu. Kabla hatujaingia kwa daktari, dada wa mapokezi aliniomba simu, akafungua ukurasa wao, akasema, "Tubonyezee tano mama, zinatusaidia." Nikabonyeza. Daktari mwenyewe sikuwa nimemtia machoni! Ndani hatukumaliza dakika tano. Mtoto hakuvuliwa hata sweta, tukatoka na sindano za antibayotiki za siku tano na bili iliyokomba pesa yote ya wiki.

Baada ya sindano ya pili akaanza kuharisha. Nikaenda kituo cha afya cha Serikali. Tabibu wa zamu nilishasoma habari zake, maana mtu alimtaja kwa jina kwenye maoni ya kituo: nyota moja, "ana kiburi, hatoi dawa". Foleni kweli ilikuwa ndefu, tulikaa kwenye benchi tangu saa mbili hadi saa tano. Zamu yetu ilipofika alimpandisha mtoto nguo hadi kifuani, akavua saa yake, akaiweka mezani. "Mama, tunyamaze kidogo." Akahesabu, macho yakitoka kifuani kwenda kwenye saa, dakika nzima. Pumzi 32. Akanieleza kwamba kwa mtoto wa umri ule wanaanza kuhofia nimonia pumzi zikifika 40 kwa dakika. Kifua hakikuwa kikibonyea, homa hakuwa nayo, sindano hakuona sababu ya kuziendeleza. Akanionyesha kwa mkono wake mwenyewe namna kifua kinavyobonyea, akasema nikiona vile, au mtoto akigoma kunywa, nimrudishe hata usiku wa manane.

Tulitoka bila dawa ya kikohozi. Nikaelewa yule mwenzangu alikasirikia nini.

Usiku nikayasoma upya maoni ya kituo kile. Karibu yote yanalalamikia foleni, dirisha la malipo, dawa kuisha, choo. Ni kero za kweli, lakini hakuna hata moja iliyo mikononi mwa tabibu yule. Wala hawezi kujitetea, kwa sababu akijibu atalazimika kueleza mgonjwa aliugua nini, na hiyo ni siri ya mgonjwa.

Sisemi watu wafunge midomo. Mama aliyetukanwa leba ana haki ya kusema, na aseme. Ninachoomba ni tuandike kilichotendeka: siku gani, huduma gani, tulifanyiwa nini. Na pale mtu alipoumizwa kwa uzembe wa daktari, nyota moja haitoshi kabisa. Malalamiko yapelekwe Baraza la Madaktari Tanganyika, lenye mamlaka ya kumsimamisha daktari au kumfuta kwenye daftari.

Serikali nayo iliwahi kugawa nyota. Mwaka 2015/16 wapimaji walizunguka zahanati na vituo vya afya nchini wakiwa na dodoso, wakatoa nyota kuanzia sifuri hadi tano, na takribani theluthi moja ya vituo havikuambulia hata moja. Huo ndio upimaji ninaouamini, kwa sababu aliyepima alifika na kukagua. Ninakotibiwa sijawahi kuona matokeo ya namna hiyo yamebandikwa mlangoni. Wizara iyabandike, yenye tarehe, kila kituo, na kliniki za binafsi zisiachwe.

Nimeshazifuta nyota tano nilizobonyeza siku ile. Kwenye ukurasa wa kituo cha afya nimeandika hivi: "Foleni saa tatu. Tabibu alimhesabia mtoto pumzi dakika nzima, akanifundisha dalili za hatari."

Mama wa watoto watatu,
Nkuhungu, Dodoma.