Msibani ndipo mita 1 inaposhindikana

Mhariri,

Ninauza mchele Mwanjelwa, Mbeya. Korona ilipoingia nchini mwaka 2020, redio ilitufundisha vizuri: kaa mbali na mwenzako angalau mita 1, nawa kwa maji tiririka, usipeane mkono. Wateja wangu walikuwa wanayataja yote bila kusita, huku wamebanana begani, wameinamia gunia moja na kuchota punje kwa viganja kuangalia chenga.

Kwenye daladala, agizo la kupakia abiria kwa idadi ya siti lilifuatwa mwanzoni. Lilipolegea, tukarudi kusimama.

Lakini pagumu kuliko pote ni msibani. Nilipofiwa na mama mkubwa mwaka ule, nilisimama kando ya turubai na barakoa yangu. Shangazi akanijia amenyoosha mikono yote miwili, macho yamemvimba. Ningemzuia vipi? Nilimkumbatia. Usiku ule sikulala kwa hofu, maana yeye ana kisukari.

Ndiyo maana huniumiza nikisikia kwamba watu wa huku ni wabishi au hawajaelimishwa. Tunajua. Tunachoogopa ni kuonekana tuna dharau mbele ya wafiwa. Naomba wenyeviti wa mitaa, wachungaji na mashehe wakae sasa, kabla ugonjwa mwingine haujaja, wakubaliane namna ya kupeana pole bila kushikana. Mzee wa ukoo akishatangaza kwamba leo tunaweka mkono kifuani, hata shangazi yangu atasimama pale alipo.

Muuza mchele,
Mwanjelwa, Mbeya